Sindano ya mifupa: kabla hujachomwa ya kwanza, jua ya tatu analipa nani

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mama mmoja wa Igoma aliyekuja na mwanae wa kiume: "Daktari, hiyo sindano si ndo ile inaozesha taya?" Sijajibu bado, kijana akadakia, "na ni shingapi?" Mama mwenyewe mwaka jana alivunjika kiwiko cha mkono kwa kuteleza tu bafuni, mgongo umeanza kuinama, na amepungua kimo mpaka vitenge vyake vya zamani vinaburuza chini. Jibu lilikuwa refu, nimeona niliweke hapa maana najua wengi mna maswali hayohayo ila hamsemi.

Mi ni daktari wa mifupa hapa Mwanza. Ostioporosisi ni ile hali ya mfupa kuwa mwepesi na kujaa vitundu ndani, hasa kwa kinamama baada ya hedhi kukoma, na haiumi kabisa mpaka siku kitu kivunjike, ndo maana watu wanaiogopa sindano ya kuitibu kuliko ugonjwa wenyewe.

Tuanze na taya. Tatizo lipo kweli, sehemu ya mfupa wa taya inakataa kupona na kubaki wazi mdomoni, mara nyingi baada ya kung'oa jino. Ila habari nyingi zinazotisha zinatokana na wagonjwa wa kansa, ambao dawa hizi wanapewa kwa dozi kubwa na karibu kila mwezi. Kwa anayetibiwa ostioporosisi makadirio ni mtu 1 kati ya 10,000 mpaka 1 kati ya 100,000 kwa mwaka. Kwa hiyo namwambia mgonjwa, mayu (yaani mama), kama una jino bovu linang'olewa kwanza, kidonda kipone, ndo tuanze.

Homa ndo jambo ninalolipigia kelele zaidi huku kwetu. Dripu ya asidi ya zoledroniki, ile ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka, inaleta homa na mwili kuuma kwa karibu mtu 1 kati ya 3 kwenye dozi ya kwanza, inaanza siku hiyohiyo au kesho yake na kwa kawaida ndani ya siku tatu imeisha. Sasa fikiria mtu katundikiwa dripu mjini, kapanda meli kurudi Ukerewe, usiku anatetemeka, nyumbani wote wanasema malaria, anapewa mseto bila kupimwa, na akipona familia inaamua kwamba ile dawa ya mjini ilitaka kumuua, mwaka ujao harudi. Nimeshapoteza wagonjwa namna hiyo. Kunywa maji ya kutosha, meza panado, na bado nenda kapime malaria, maana huku ziwani inaweza kuwa vyote viwili. Dozi ya pili homa inapungua sana, wengi hawaisikii kabisa.

Kabla ya dripu tunapima figo, kile kipimo cha damu kinachoitwa kriatinini, na kama figo zimechoka sana dripu hii hatuitundiki. Kalsiamu nayo iwe sawa kwanza (dagaa wetu wa kutafuna na mifupa yake wanasaidia sana hapa, wala msiwadharau), maana ikishuka baada ya sindano utasikia ganzi mdomoni na vidole kukakamaa. Na ukisikia paja au kinena kinauma bila sababu baada ya miaka ya dawa, usivumilie, njoo.

Sasa pesa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna sindano nyingine, denosumabu, wengi wanaijua kwa jina la Prolia, miligramu 60 chini ya ngozi kila miezi 6. Ni dawa nzuri, haileti ile homa, watu wanaipenda. Lakini inafanya kazi kwa kuzizuia zile seli zinazokula mfupa, na muda wake ukiisha bila sindano nyingine seli zinarudi zote kwa pamoja, kama ng'ombe waliofungiwa zizini siku tatu halafu lango likaachwa wazi pembeni ya shamba la mahindi. Pingili za mgongo zinaweza kuvunjika mbili tatu kwa mpigo. Ukishapitisha miezi 7 toka sindano ya mwisho uko kwenye hatari.

Nilimpokea mama wa Sengerema hivyohivyo. Binti yake wa Dar alimwanzishia, akalipa ya kwanza, akalipa ya pili, halafu kazi ikaisha. Hospitali aliyochomwa hakuna aliyemwambia kwamba kukatiza ni hatari. Mwezi wa kumi toka sindano ya mwisho akanyanyua ndoo ya maji, ndoo ya kawaida tu, pingili tatu zikaporomoka. Iliniuma sana, maana yule binti hakukosa chochote, alimpenda mama yake na hakuambiwa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza bei simtajii bei ya sindano moja, tunakaa tunapiga hesabu ya miaka mitatu: dawa, vipimo vya damu, nauli, mtu wa kumsindikiza, na kama ni denosumabu na barafu ya kuisafirishia. Kama hela ni ya msimu, ya samaki au pamba, mi mara nyingi nashauri dripu ya mwaka, maana zoledroniki inanata kwenye mfupa wenyewe na kukaa miaka, ukichelewa miezi miwili mitatu huporomoki. Tena siku hizi zipo zinazotengenezwa na viwanda mbalimbali, kwa hiyo pigeni simu famasi tatu nne kabla ya kununua. Na inafanya kazi: kwenye utafiti mkubwa uliochapishwa 2007, ndani ya miaka mitatu karibu wanawake 11 kati ya 100 waliopewa dripu isiyo na dawa walivunjika pingili, waliopata dawa walikuwa kama 3. Hata hiyo ikishindikana kuna vidonge vya alendronati vya kumeza mara moja kwa wiki. Na ukishaanza denosumabu na hela ikakata, usinyamaze, njoo kabla ya miezi 7 kufika toka sindano ya mwisho tukuhamishie dawa nyingine.

Mama wa Sengerema tulimpima figo na kalsiamu, tukamhamishia dripu. Watoto wanne wanachanga kila mwezi kidogokidogo kwenye simu ya mkubwa wao. Dripu ya kwanza alitetemeka siku mbili. Ya pili kaipata mwezi uliopita, jioni yake nikampigia, akasema homa hakuna, yuko nje anachambua mchele.