Azimio linalopita hata wabunge wakinyamaza

Juzi kwenye kahawa Mji wa Kale, mzee mmoja alinikamata: “Wakili mwanangu, Bunge kila siku lapitisha maazimio. Huishia wapi?” Mengi huishia kwenye kumbukumbu za Bunge, nikamjibu. Nyumba moja ya Bunge, iwe Seneti au Bunge la Kitaifa, ikiazimia kuitaka serikali itengeneze barabara, hiyo ni rai tu. Waziri aweza kuikunja akaitia mfukoni.

Lakini lipo lenye meno, nalo limo katika Kifungu cha 217 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Kila miaka 5 Seneti huamua, kwa azimio wala si kwa mswada, kaunti 47 zigawiwe fedha kwa kigezo gani: wingi wa watu upewe uzito kiasi gani, umaskini kiasi gani, ukubwa wa ardhi je. Kila kaunti ina kura moja, kwa hivyo Lamu ni sawa na Nairobi. Kura 24 zatosha.

Likishapita, Spika wa Seneti ana siku 10 za kumfikishia mwenzake wa Bunge la Kitaifa. Nalo Bunge lina siku 60, na hapa ndipo mimi hupapenda. Likikaa kimya, azimio limepita kama lilivyo. Likitaka kulirekebisha au kulikataa, sharti ipatikane thuluthi mbili ya wabunge wote 349, yaani 233. Wakipatikana 232, wamepiga kelele bure. Wakifaulu kulikataa, Seneti huandika jingine au huomba kamati ya upatanishi. Rais hatii sahihi popote. Kule Marekani azimio la pamoja la nyumba zao mbili humpitia rais ndipo liwe sheria, isipokuwa lile la kupendekeza marekebisho ya katiba.

Mwaka 2020 maseneta walivutana vikao chungu nzima, sisi Pwani tukihofia kupunguziwa. Walipatana tarehe 17 Septemba, kwa sharti kwamba kigezo kipya kianze fungu la kaunti likishapanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi 370.

“Basi pesa hutoka hapo hapo?” mzee akauliza. La. Azimio ni kibaba cha kupimia tu. Fedha zenyewe hungoja miswada miwili ya kila mwaka, wa kugawa mapato baina ya serikali kuu na kaunti, kisha wa kila kaunti na chake. Hiyo ndiyo humfikia Rais.