Udongo Hauchuji Kila Kitu Kinachotoka Dampo

Pakipendekezwa dampo kijijini, husikika hoja ya zamani: taka zikifukiwa, udongo utachuja uchafu wote. Si kweli. Mvua ikipenya kwenye taka huzalisha maji machafu yenye amonia, metali na chumvi. Udongo wa mfinyanzi hunasa sehemu ya metali, lakini kloridi, iliyomo kwenye chumvi hizo, haishikiki. Husafiri na maji hadi visimani, upesi zaidi penye mchanga au miamba yenye nyufa. Ndiyo maana sakafu ya dampo huhitaji mfinyanzi ulioshindiliwa, kwa kawaida sentimita 60 au zaidi, juu yake plastiki nzito ya milimita 1.5, kisha mabomba ya kukusanya maji hayo machafu. Plastiki nayo hutobolewa na mawe, au huvuja maungio yakichomelewa vibaya. Wanakijiji wadai mapema vipimo vya kina cha maji ya ardhini, masika na kiangazi, pamoja na visima vya uchunguzi upande ambako maji hayo ya ardhini yanaelekea.