Kabla hujanunua sabufa, fungua boneti

Mpwa wangu alifika nyumbani Jumamosi asubuhi na Toyota IST yake, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na boksi kubwa limefungwa mkanda kama abiria.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Sabufa, inchi 12. Na amplifaya ya wati 2400. Nataka nifunge mwenyewe, wewe unielekeze tu."

Kazi yangu ni umeme wa magari, na muziki ndio ninaoupenda kuliko yote. Dar es Salaam imenipa magari mengi ya kujifunzia, na karibu kila anayeanza huanzia pale alipoanzia huyu kijana: ananunua kwanza kile kinachotikisa vioo, halafu ndipo anauliza umeme utatoka wapi. Sikumkatisha tamaa, maana anayetaka kufunga mwenyewe ana haki ya kufundishwa. Nilimwambia tu kwamba boksi libaki limefungwa, tufungue boneti.

Kifaa cha kwanza cha kumiliki ni multimita, hata ile ya bei ya chini. Tuliipima betri kesho yake asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.5, si mbaya, kwani betri nzima iliyojaa husoma 12.6 hivi. Tukawasha injini ikapanda hadi 14.1. Tukawasha taa, feni na kiyoyozi ikashuka 13.7 na kutulia hapo. Nikiona inashuka chini ya 13 kabla muziki haujafungwa, namwambia mwenye gari atengeneze alteneta kwanza. Gari dogo kama hili kwa kawaida lina alteneta ya kati ya ampea 60 na 100, na sehemu kubwa ya umeme huo ina wenyewe tayari: taa, feni ya rejeta, pampu ya mafuta, kiyoyozi. Muziki unakula kinachobaki.

Ndipo tukaitoa amplifaya. Namba ya 2400 iliyochapishwa juu ya boksi haina kazi katika mpango wako. Angalia fyuzi zake. Yake ilikuwa na fyuzi mbili za ampea 25, jumla 50. Zidisha kwa volti 13.8, unapata wati 690 zinazoweza kuingia. Amplifaya ya kawaida, ile inayoitwa ya daraja AB, hupoteza karibu nusu ya hizo kama joto, kwa hiyo kinachotoka hakifiki hata 400. Tukafungua kijitabu, kikasema wati 60 za kudumu kwa kila chaneli, yaani kila njia ya kutolea sauti, chaneli nne, na 180 ukiunganisha chaneli mbili kuwa moja. Hizo ndizo namba za kweli, zile zenye neno RMS. Kijana alinyamaza kidogo, nami nikamwambia kwamba wati 60 safi mlangoni ni nyingi kuliko alizowahi kuzisikia ndani ya gari lake.

Hesabu hiyohiyo ifanyie redio yako. Redio inayojitangaza kuwa na wati 50 mara nne mara nyingi ina fyuzi ya ampea 10 au 15 mgongoni. Kwa umeme wa volti 14.4, bila amplifaya ya nje, chaneli moja haiwezi kuvuka wati 26 kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wake), na kwa kawaida unapata kati ya 15 na 20.

Mpango wetu ukawa huu: redio kwanza, kisha spika za milango ya mbele na milango yenyewe, kisha amplifaya na waya zake. Sabufa ingesubiri wiki mbili.

Kuhusu redio, magari yetu mengi yametoka Japani na yanakuja na mambo yake. Kule FM iliishia megahezi 90 kwa miaka mingi, huku kwetu inakwenda kutoka 88 hadi 108, ndiyo maana redio ya asili inashika stesheni chache tu za mwanzo. Kuna kiboksi kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa, lakini kinaongeza mikwaruzo, na saa na majina ya stesheni hayatakaa sawa. Mimi nikiweza nabadilisha redio. Na kama redio yako ni ile ya Toyota yenye ramani na unataka kubaki nayo, usikimbilie kutoa betri. Nyingi hujifunga umeme ukikatika, zikadai kadi yao ya SD, na wengi walionunua gari mkononi hawana kadi hiyo.

Pima na uwazi wa deshibodi kabla ya kwenda Kariakoo. Redio pana za kawaida ni milimita 180 kwa 100, lakini Toyota nyingi za Kijapani zina nafasi ya 200 kwa 100. Ukinunua ya 180 utahitaji vipande viwili vya plastiki vya kuziba pembeni. Si kosa, ila ujue mapema.

Sasa rangi za waya, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo redio mpya hufia mikononi mwa mwenye nayo. Redio za dukani zina utaratibu wao. Njano ni umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu. Nyekundu ni umeme unaokuja ukiwasha swichi. Nyeusi ni ethi, yaani ya hasi inayokwenda kwenye bodi. Bluu yenye mstari mweupe ni ya kuiamsha amplifaya. Spika ni nyeupe kwa mbele kushoto, kijivu kwa mbele kulia, kijani nyuma kushoto na zambarau nyuma kulia, na kila moja ina mwenzake mwenye mstari mweusi ambaye ni hasi. Toyota nayo ina rangi zake: bluu yenye njano ni umeme wa kudumu, kahawia ni ethi, kijani ni mwanga wa taa ndogo, na kijivu ni umeme wa swichi. Umeuona mtego? Ukiunga kijivu kwa kijivu, unapeleka volti 12 moja kwa moja kwenye mdomo wa spika wa redio mpya. Haitoi hata moshi. Inawaka vizuri, skrini inapendeza, na sauti haitoki tena.

Dawa yake ni soketi ya kuunganishia ya Toyota, ile ya pini 10 na pini 6, inayouzwa kwa bei ndogo. Upande mmoja unaingia kwenye soketi ya gari, upande wa pili una waya wazi zenye rangi za redio ya dukani. Viungo vyote unavifanya mezani nyumbani, na soketi ya gari huikati. Siku ukiuza gari unairudisha redio ya zamani kwa dakika kumi. Hata hivyo, pima kila waya kwa mita kabla ya kuuamini, maana hujui fundi gani aliwahi kupita humo. Viungo mimi nalehemu kwa risasi na kuvika mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota waya na kuzungushia tepu hakudumu katika joto la Dar: gundi inalainika, tepu inafunguka, na waya wa umeme unabaki uchi nyuma ya deshibodi. Ukigundua baadaye kwamba redio inasahau stesheni na saa kila ukizima gari, njano na nyekundu zimebadilishana nafasi.

Kabla ya kuvuta deshibodi, toa tamino ya hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 ili mfumo wa mifuko ya hewa upoe. Soketi na waya za njano za mifuko hiyo usiziguse kabisa, hata kwa mita. Kama gari ni haibridi, waya nene za rangi ya chungwa nazo ni haramu kwako. Plastiki zivute kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, bisibisi itaacha kovu.

Tukaja kwenye milango, na hapa ningependa kukaa hata siku nzima. Anayeanza hudhani spika ndiyo inayotoa sauti. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na ile ya nyuma ikipata upenyo wa kuzunguka kuja mbele, zinakutana na kuuana. Besi inapotea hivyo. Mlango ndio sanduku la spika, na mlango uliotoka kiwandani una matundu makubwa yaliyozibwa kwa karatasi ya nailoni tu. Spika za asili zilikuwa zimepigwa ribiti, tukazitoboa kwa drili, tukakata pete za mbao za milimita 18, tukazipaka rangi ya mafuta mara mbili kwa sababu maji ya mvua hupita ndani ya mlango kila masika, kisha tukafunga spika za inchi 6.5 juu yake, na sponji nyembamba katikati ili hewa isivuje. Kwenye bati la nje, nyuma ya spika, tukabandika shiti za kuzuia mtetemo zenye mpira na karatasi ya alumini. Si lazima ujaze mlango mzima. Robo hadi nusu ya bati inatosha kulinyamazisha. Nailoni ilirudi mahali pake, imebanwa kingo zote, la sivyo maji yataingia kwenye kapeti.

Kabla ya kufunika tulihakikisha spika zote mbili zinasukuma upande mmoja. Chukua betri ndogo ya rimoti, iguse kwenye waya mbili za spika kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya. Spika moja ikifungwa kinyume, ya kushoto inavuta wakati ya kulia inasukuma, na utatumia fedha nyingi kutafuta besi uliyoiua mwenyewe.

Mpwa wangu aliwasha redio peke yake, bila amplifaya, spika mpya kwenye milango iliyozibwa. Akakaa kimya wimbo mzima.

"Mjomba, hii ni bila sabufa?"

"Bila."

Waya wa amplifaya ulitupa kazi ya ziada. Seti aliyoinunua ilikuwa imeandikwa namba 8, kipimo cha unene ambacho namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi. Niliukwangua kwa kisu, chini ya wekundu kukatokea weupe: alumini iliyopakwa shaba. Waya wa aina hiyo hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba halisi. Fanya hesabu: mita 5 za shaba ya namba 8, yaani milimita za mraba 8.4, zikibeba ampea 50 hupoteza nusu volti. Za alumini ya unene huohuo hupoteza zaidi ya 0.7, na volti hiyo haiendi hewani, inakuwa joto ndani ya waya chini ya kapeti yako. Tulinunua shaba ya namba 4, milimita za mraba 21, ambayo hupoteza 0.2.

Fyuzi kuu inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Wengi huiona kama ulinzi wa amplifaya, lakini inalinda waya. Waya ukichunwa na bati ukutani mwa injini, betri itamwaga ampea mamia kwenye sehemu hiyo, na kati ya betri na fyuzi hakuna cha kuzuia. Ndiyo maana kipande hicho kinatakiwa kiwe kifupi, na tundu la kuingilia ndani liwe na mpira. Tuliweka fyuzi ya 60, na tuliichomeka mwisho kabisa.

Ethi iwe fupi, nene sawa na waya wa umeme, na ikazwe kwenye bati la bodi lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae. Ukisikia mlio unaopanda na kushuka na injini, anzia hapo. Waya wa mawimbi kutoka redioni tuliupitisha upande wa kulia na wa umeme kushoto, kwa sababu hiyohiyo. Na waya wa kuiamsha amplifaya usiuibe kwenye umeme wa kudumu, utaamka asubuhi gari halipigi stata.

Wiki mbili baadaye tulifungua boksi. Sabufa ilikuwa na koili mbili za omu 2. Zikiungwa sambamba zinakuwa omu 1, ambayo ingeiua amplifaya yake; zikipangwa mfululizo zinakuwa 4, na hivyo ndivyo tulivyofanya. Milango tulichuja ianzie hezi 80 kupanda, sabufa iishie 80 kushuka. Geini, yaani kirekebisho cha nguvu kwenye amplifaya, tuliiweka kwa mita, spika zikiwa zimechomolewa, redio ikiwa robo tatu ya sauti na nyongeza zote za besi zimezimwa. Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili: 60 mara 4 ni 240, kipeuo chake ni volti 15.5. Ukipiga mlio wa majaribio wa hezi 1000 na mita ikiwa kwenye volti za AC, unapandisha geini mpaka 15.5, unaacha. Kwa sabufa, yenye wati 180 mara omu 4, ni mlio wa hezi 50 na volti 27 hivi. Ukizidisha hapo amplifaya inaanza kukata vichwa vya mawimbi, na huko ndiko koili huungulia.

Kisha tulipima kwa mara ya mwisho, injini inanguruma na muziki uko juu. Kwenye betri 13.9. Kwenye tamino za amplifaya 13.7. Alipiga picha mita zote mbili.

Mwisho wa mwezi nilimwita tena tukaze nati zote, maana mtetemo wa barabara hulegeza hata kilichokazwa vizuri. Ile ya ethi ilikubali robo ya mzunguko.