Haiba Kinzani kwa Jamii: Kwa Nini Daktari Huuliza Kwanza Habari za Utotoni

Mtu mkimya anayekwepa sherehe na wageni husemwa kuwa hapendi jamii, na wengi wanapowasikia wataalamu wa afya ya akili wakitaja tatizo la haiba kinzani kwa jamii, yaani hulka inayokwenda kinyume na jamii, hudhani kwamba anayezungumziwa ni huyo. Siye. Mwenye tatizo hili huweza kuwa mchangamfu, mcheshi na mwepesi wa kuzoeana na watu. Kinachomtambulisha ni mazoea ya miaka mingi ya kupuuza haki za wengine, kwa uongo, utapeli, ubabe au uzembe unaohatarisha maisha, pasipo majuto ya kweli.

Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika toleo la tano lililotoka mwaka 2013, hauruhusu mtu kupewa jina la tatizo hili kabla hajatimiza miaka 18, na unataka pia ushahidi kwamba matatizo ya mwenendo yalikwisha kujitokeza kabla ya umri wa miaka 15. Sharti hili la pili naliona kuwa ndilo kiini cha jambo lote, ingawa ndilo linalosahauliwa upesi. Mtu aliyeishi vizuri hadi miaka 40, kisha akaanza kuiba na kudanganya, atafutiwe sababu nyingine, kama vile ulevi, dawa za kulevya, jeraha la kichwa au maradhi ya sehemu ya mbele ya ubongo.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 26 aliyeletwa na ndugu zake baada ya kuuza pikipiki ya mdogo wake. Daktari makini hatakomea kwenye pikipiki. Atamgeukia mama na kumuuliza: alipokuwa na miaka kumi alikuwa akitoroka shule? Aliwahi kutesa wanyama, kuchoma vitu kwa makusudi, kulala nje bila ruhusa? Kijana mwenyewe huenda akasimulia kisa kwa utulivu kabisa, akisema kosa ni la mdogo wake aliyeacha ufunguo mezani. Jibu la namna hiyo, likijirudia kisa baada ya kisa, humfunza daktari mengi kuliko wizi wenyewe.

Hata hivyo, mtoto mtukutu asihukumiwe mapema. Mtafiti wa Marekani Lee Robins, aliyechapisha mwaka 1966 matokeo ya kuwafuatilia hadi utu uzima watoto zaidi ya 500 waliowahi kupelekwa kliniki ya matatizo ya tabia na akili ya watoto, alionyesha kwamba watu wazima wenye tatizo hili karibu wote walikuwa na mwenendo mbaya utotoni, lakini watoto wengi wa mwenendo huo hawakuishia huko. Urithi wa vinasaba una nafasi yake, na vivyo hivyo ukatili na kutelekezwa. Hakuna kimoja kinachotosha peke yake kueleza kila kitu.

Kuhusu tiba, niseme wazi kwamba hakuna dawa inayoondoa haiba hii. Dawa hutolewa kwa maradhi yanayoambatana nayo, kama sonona (huzuni nzito inayodumu), na uraibu nao hutibiwa kwa njia zake, huku tiba ya mazungumzo ya vikundi ikiweza kupunguza makosa kwa baadhi ya watu. Kwa wengi, vurugu na uvunjaji wa sheria hupungua wanapokaribia au kuvuka miaka 40, ijapokuwa mikwaruzano nyumbani na kazini huweza kubaki. Familia isingoje umri huo ikiwa kuna vitisho au kipigo: usalama wa waliomo ndani utangulie.

Matumaini makubwa zaidi yako kwa mtoto, na yanapitia kwa mzazi. Katika mafunzo ya malezi, mzazi hujizoeza kutoa agizo moja lililo wazi badala ya matano kwa mpigo, kumsifu mtoto papo hapo anapotii kwa kulitaja hasa alilolifanya, na kutoa adhabu fupi isiyo ya kipigo, ambayo mtoto aliijua tangu kabla ya kukosea.