Kuvalisha bodi pikipiki ya zamani: kazi iko kwenye breketi

Kuvalisha bodi ni kufunga vipande vya kufunika kwenye pikipiki iliyotoka kiwandani ikiwa wazi, injini na fremu zikionekana. Kipande kinaweza kuwa feringi ya mbele inayokata upepo, kava za ubavuni, au mkia wa nyuma ya kiti. Mara nyingi kimetengenezwa kwa ajili ya pikipiki nyingine kabisa, au fundi amekifinyanga mwenyewe kwa faibaglasi. Kwa hiyo kwenye fremu hakuna tundu wala sikio linalokisubiri. Lazima kitengenezwe kitu cha kuviunganisha viwili hivyo, nacho ni breketi. Wengi hufikiria rangi na umbo kwanza, lakini kwa maoni yangu anayetaka kujua kama kazi ni nzuri avue kipande na kuangalia kilichokishika.

Pikipiki iliyobuniwa na bodi yake ni jambo jingine. Ariel Leader, iliyotoka Uingereza mwaka 1958, ilifunikwa kwa bati tangu kwenye karatasi ya mchoro, na waliochora bati ndio waliochora pa kulifungia. BMW R100RS ya 1976 nayo ilitoka na feringi yake kamili, iliyopimwa kwenye handaki la upepo. Kazi tunayoizungumzia iko karibu zaidi na Windjammer, feringi ya Craig Vetter iliyoenea Marekani miaka ya 1970. Ganda lilikuwa lile lile, ila kila aina ya pikipiki ilipewa breketi zake. Vetter alielewa kwamba ganda haliwezi kulingana na kila fremu, lakini breketi inaweza.

Swali la kwanza ni kipande kishikwe na nini: fremu au usukani? Kioo chepesi cha upepo hukaa kwenye usukani bila shida. Feringi nzito ni habari nyingine. Ikifungwa kwenye usukani au kwenye foki, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, inazunguka pamoja navyo, na uzito wake unaongeza ukaidi wa usukani kugeuka na kutulia. Upepo nao ukiisukuma, unasukuma usukani moja kwa moja, na kwenye mwendo mkali pikipiki inaweza kuanza kuyumba. Ikifungwa kwenye fremu, usukani unabaki huru. Zipo pikipiki zenye feringi ya kwenye foki zinazokwenda vizuri, lakini hizo zilibuniwa na kujaribiwa hivyo kiwandani. Kwa pikipiki ambayo haikupangiwa chochote, mimi naona fremu ndiyo jibu.

Kisha inakuja nafasi, na hapa watu huharakisha sana. Pikipiki iliyosimama imetulia hudanganya. Usukani ugeuzwe mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, na mikono ikiwa juu yake, kwa sababu vidole huhitaji nafasi kuliko chuma. Nyaya za klachi, breki na mafuta zisivutwe wala kukunjika. Foki nayo ishuke hadi mwisho, maana gurudumu la mbele likipiga shimo hupanda sentimita 10 hivi, pengine zaidi. Ukitoa springi za foki kwa muda, unaweza kuishusha yote kwa mkono na kuona madigadi inafika wapi. Kazi hiyo ndogo inaokoa feringi nzima.

Hewa pia ina njia zake. Injini nyingi za zamani hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, na ukizifunika lazima upepo upate pa kuingia na pa kutokea. Tundu la kutokea ndilo husahaulika. Kabureta nayo isibanwe, na plastiki ikae mbali na bomba la moshi. Kufunika kupita kiasi kuna hatari nyingine: feringi za mashindano zilizomeza gurudumu lote la mbele zilipigwa marufuku na FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, kuanzia msimu wa 1958, na hofu ya upepo wa ubavuni ilikuwa sababu kubwa.

Mtetemo ndio adui wa kila siku. Injini kubwa ya silinda moja hutikisa kila kilichofungwa juu yake, na faibaglasi huanza kupasuka kwenye tundu la bolti. Tundu liwekewe mpira, juu yake washa pana (pete bapa ya chuma), na ndani kijibomba kifupi cha chuma ili bolti ikikazwa isiuponde mpira. Pointi tatu za kushikia hutosha kwa vipande vingi, kwa kuwa kipande kinachokaa juu ya tatu hakilazimishwi kujipinda. Na hili nalisisitiza: tundu lisipolingana na breketi, usivute kipande kilifuate. Sogeza breketi. Kipande kilichofungwa kikiwa kimevutwa tayari kimebeba ufa wake, ni suala la siku tu.

Fremu ya pikipiki ya zamani isitobolewe, wala isichomelewe masikio mapya ovyo. Ni mabomba membamba, na tundu au kichomeleo mahali pabaya huanzisha ufa kwenye chuma kinachombeba mtu. Tumia klampu zilizovikwa mpira, au boliti za injini zilizopo tayari, ukiweka ndefu zaidi zenye ugumu ule ule. Mmiliki wa baadaye ataweza kuirudisha pikipiki ilivyokuwa bila kukuta alama.

Violezo vikatwe kwa kadibodi kwanza. Kipande kishikiliwe kwa utepe, kitazamwe kutoka mbele na nyuma kama kimekaa katikati, ndipo breketi zikunjwe. Boliti zote ziingie zikiwa legevu kabla ya yoyote kukazwa. Kutoboa ganda kuje mwisho, kwa drili ndogo halafu kubwa. Baada ya safari fupi ya kwanza, boliti zikaguliwe upya na kila mahali palipokwaruzika patazamwe, kwa kuwa hapo ndipo nafasi haikutosha.

Na kabla ya kupaka rangi, jaribu kumwaga oili, kubadilisha plagi na kufikia koki ya tangi kipande kikiwa mahali pake. Kama plagi moja inadai kuvua bodi nzima, kata dirisha au gawa kipande viwili sasa, rangi ikiwa bado kwenye kopo.