Chama cha wafanyakazi ni nini hasa, na kimekuwaje mpaka kikawa hivi kilivyo leo

Ukiondoa maneno ya kisheria, chama cha wafanyakazi ni watu wa kazi moja au sekta moja walioamua kwamba hawataongea na bosi mmoja mmoja. Basi. Ukienda peke yako kuomba nyongeza utaambiwa mlango uko pale, mkienda mia tano mnasikilizwa, na mkikataliwa mnaweza kusimamisha kazi. Hiyo ya mwisho ndo roho ya kitu chenyewe, kugoma, mengine yote (tawi, katibu, katiba, tisheti za Mei Mosi) yamekuja kuizunguka hiyo.

Kwa Tanzania sheria inayotumika ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inasema wafanyakazi 20 tu wanatosha kuanzisha chama. Chama kikishakuwa na wanachama wengi kuliko nusu pale kazini kinatambuliwa kama msemaji wa wote, kinakaa na mwajiri na kuandika kitu kinaitwa mkataba wa hali bora, yaani mshahara, likizo, posho, matibabu, nauli ya kurudi kwenu ukistaafu na kadhalika. Na hapo ndo panapozaliwa kelele ya kila mwisho wa mwezi. Mwalimu wa mshahara wa laki nane akifungua slipu yake anakuta CWT, chama cha walimu, wamekata asilimia 2, yaani 16,000, anashangaa, mbona sijawahi kujaza fomu? Inaitwa ada ya uwakala. Hoja yake ni kwamba mkataba ukisainiwa unamnufaisha hata asiye mwanachama, kwa hiyo na yeye achangie, asile bure. Sheria haimlazimishi kuwa mwanachama, na inataka hela hiyo iingie kwenye akaunti yake tofauti, itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa pale, na isiende kwa chama cha siasa wala mgombea. Kwenye karatasi mi naona ni haki kabisa. Tatizo ni kwamba anayekatwa akiuliza nimepata nini mwaka huu, mara nyingi anachoweza kushika mkononi ni tisheti na kofia.

Sasa kwa nini imefika hapo, lazima urudi nyuma kidogo, maana hivi vyama havikuanza kuwa vipole. Mwaka 1947 wapagazi wa bandari ya Dar waligoma na mgomo ukapanda na reli mpaka bara huko, mwaka huohuo Mombasa nzima ilikuwa imesimama mwezi wa kwanza. Mkoloni alikuwa anaogopa bandari kuliko mkutano wa hadhara, meli ikikaa bila kushushwa hasara inaonekana siku hiyohiyo. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika, likaundwa 1955 katibu mkuu akiwa Rashidi Kawawa, na TANU, chama cha siasa kilichodai uhuru, wakawa wanakwenda nalo bega kwa bega bila kuwa kitu kimoja. 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar walipogoma TANU ikawaambia watu waisusie bia, na hapo unaona siasa na kazi zinasaidiana, wa kiwandani anapata nguvu ya mtaa na chama cha siasa kinapata watu waliokwisha zoea kujipanga.

Halafu uhuru ukaja na mambo yakageuka haraka sana. Serikali mpya ilitaka maendeleo na kila mgomo ukawa unaonekana ni kuihujumu nchi. Kawawa yuleyule akawa Waziri Mkuu Januari 1962, na mwaka huohuo ikapita sheria iliyofanya kugoma kuwe kugumu mno, migogoro yote kwanza ipelekwe kwenye usuluhishi. Waliokuwa na mdomo wakapewa vyeo mbali, Christopher Tumbo wa chama cha reli alipelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu, akaenda upinzani, mwisho akaishia kizuizini. Januari 1964 wanajeshi wakaasi, baada ya hapo viongozi kibao wa vyama wakakamatwa na TFL ikafutwa. Badala yake ikaja NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima, katibu mkuu anateuliwa na Rais, na aliyeteuliwa, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo ni Waziri wa Kazi! Yaani mfanyakazi akiwa na malalamiko dhidi ya serikali anampelekea waziri wa serikali, kwa kofia yake nyingine.

NUTA ikaja kuwa JUWATA baada ya CCM kuzaliwa 1977, sasa ikawa jumuiya ya chama kabisa. Siwezi kusema watu hawakupata kitu enzi hizo, kima cha chini kilipanda, ukifukuzwa kazi kiholela kulikuwa na pa kukimbilia. Ila vyote vilikuja kama zawadi kutoka juu, na mtu aliyezoea kupewa anasahau namna ya kudai, hii ndo naona imetuganda mpaka leo. Mfumo wa vyama vingi ulipokaribia kuingia ikaundwa OTTU, chombo kipya cha wafanyakazi badala ya JUWATA, kisha vyama vya sekta vikasajiliwa kila kimoja kivyake, CWT wakajitoa kwenye kundi 1993, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja TUCTA kama shirikisho.

Kisheria TUCTA iko huru. Imeshajaribu pia kuonyesha meno, 2010, mwaka wa uchaguzi, ilitangaza mgomo ikitaka kima cha chini 315,000, Rais Kikwete akawaita wazee wa Dar na kujibu kwa ukali kwamba serikali haina hela hiyo na kama ni kura zao basi na wabaki nazo, mgomo ukayeyuka. 2012 walimu waligoma kweli, haikupita wiki Mahakama ya Kazi ikasema mgomo si halali. Ukisoma masharti utaelewa kwa nini ni rahisi kuukosea, kwanza usuluhishi CMA (tume ya serikali ya kusuluhisha migogoro ya kazi) siku 30, kisha kura, kisha notisi ya saa 48, na ukiwa maji, umeme au hospitali usifikirie kabisa.

Kwa hiyo nguvu imehama kutoka getini kwenda mezani. Kikokotoo, yaani hesabu ya kugawa mafao ya mstaafu, ni mfano mzuri: 2018 ilitangazwa mstaafu apewe asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo, watu wakachachamaa, Magufuli akaisimamisha Desemba baada ya kukutana na viongozi wa vyama, halafu 2022 asilimia 33 ikapita viongozi haohao wakiwa mezani, na watumishi wengi wakajiuliza hivi mle ndani nani alikuwa anatuwakilisha. Mei Mosi nayo ni hivyohivyo, mgeni rasmi ni Rais, yaani mwajiri mkubwa kuliko wote, mabango yanapita mbele yake na watu wanasubiri atamke. 2022 Rais Samia alisema "lile jambo lipo", yaani nyongeza ya mshahara, 2025 Singida kima cha chini cha serikali kikatangazwa kutoka 370,000 mpaka 500,000.

Kenya wao wamechukua njia nyingine kidogo. COTU, shirikisho lao la vyama vya wafanyakazi, chini ya katibu mkuu Francis Atwoli aliyeingia 2001, inaingia siasa waziwazi, uchaguzi wa 2022 Atwoli alikuwa na Raila, Ruto aliposhinda wakapatana. Ila madaktari wao wa chama cha KMPDU bado wanagoma kwelikweli, 2017 viongozi wao walilala jela na mgomo ulifika siku 100.

Na walio wengi hawapo kwenye picha hii kabisa. CHODAWU, chama cha Tanzania cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, wanajaribu kuwaandikisha wafanyakazi wa nyumbani, lakini dada anayelala kwa bosi wake tawi atalifanyia wapi, jikoni? Dereva wa programu ya simu ndo zaidi, sheria yote imejengwa kwa mtu mwenye mwajiri, mkataba wa hali bora unahitaji pande mbili, na yeye anaambiwa ni "mshirika" anayekatwa asilimia kila safari, akigoma anazima simu tu na oda inaenda kwa mwingine.