H-1B haiombwi na mfanyakazi
Kila mwezi wa Machi unapokaribia, ofisini huja watu wenye pasipoti na vyeti vilivyothibitishwa, wakitaka wajaziwe fomu ya H-1B, viza ya muda ya wataalamu nchini Marekani. Dhana kwamba mtaalamu hujiombea viza hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inawamalizia watu akiba zao. Wengi huichanganya na bahati nasibu ya green card, ambayo mtu hujiandikisha mwenyewe ili apate ukaaji wa kudumu. H-1B nayo ina droo, lakini anayeandikisha jina ni mwajiri aliyeko Marekani, na kibali chake ni cha hadi miaka 3, ambacho kwa kawaida huweza kuongezwa hadi kutimia 6.

Itazameni fomu yenyewe, I-129: inadai namba ya kodi ya mwajiri, idadi ya wafanyakazi wake na mapato yake ya mwaka, na mwishoni anayetia saini ni mwajiri, wala mfanyakazi hana mahali pa kusaini. Kabla ya hapo mwajiri huyo huwa ameshawasilisha kwa Wizara ya Kazi tamko la mshahara na mahali pa kazi, ambalo nakala yake ni lazima upewe kabla ya siku ya kwanza kazini au siku hiyohiyo. Ada ya wakili wa ombi hilo ni mzigo wa mwajiri kisheria. Hata agizo la rais la Septemba 2025, lililoweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya Marekani, lilimwelekea mwajiri. Kwa hiyo wakala anayekutoza fedha za "kuingizwa kwenye droo" mwulize jina la mwajiri na mshahara ulioandikwa katika tamko. Akisitasita, chukua vyeti vyako uondoke.

Ushauri wangu haujabadilika: tafuta kazi kwanza, na uanze na vyuo vikuu, kwa kuwa havibanwi na ukomo wa nafasi 85,000 kwa mwaka wala havipiti kwenye droo.

Si kweli pia kwamba shahada yoyote inatosha, kwani ni lazima ihusiane moja kwa moja na kazi. Aliye na shahada ya miaka 3, badala ya 4 kama ya Marekani, asikate tamaa, kwa sababu kanuni inaruhusu miaka 3 ya uzoefu wa kitaaluma ihesabiwe badala ya mwaka 1 wa chuo.

Wala anayeachishwa kazi halazimiki kuondoka kesho yake. Anaweza kupewa hadi siku 60, au mpaka kibali chake kiishe ikiwa ni mapema zaidi, na mwajiri mpya akiwasilisha ombi ndani ya muda huo, anaruhusiwa kuanza kazi bila kungoja jibu.